Mchakamchaka wa Saa Kumi na Moja Jioni



Ndugu msomaji, ukimuuliza mtu aliyeacha pombe ni saa ipi ya siku inayomtesa zaidi, usitegemee atataja usiku wa manane. Wengi niliowauliza wametaja saa kumi na moja jioni. Kazi imeisha, hela ya siku iko mfukoni, jua limepoa, na miguu inaijua njia ya kilabuni hata kichwa kikikataa. Hapa Buswelu hiyo ndiyo saa ambayo mafundi wanafunga karakana, bodaboda wanapeleka hesabu kwa matajiri wao, na majiko ya mishikaki yanaanza kufuka moshi. Kwa mtu mwingine ni saa ya kupumzika. Kwa anayetoka kwenye uraibu ni saa ya mtihani, na mtihani huo hurudi kila siku.

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa, katika utume wangu wa nje ya seminari, nimekuwa nikikimbia na kikundi kidogo cha wanaume wanaotafuta kuachana na pombe, na wawili kati yao kuachana na heroini. Mimi hujiunga nao Jumatano na Jumamosi kwa ruhusa ya walezi. Siku nyingine hukimbia wenyewe. Sikukianzisha mimi kikundi hiki. Kilianzishwa na dereva wa bodaboda aliyekunywa gongo kwa miaka mingi na sasa ana miaka minne hajaigusa. Siku ya kwanza nilipomuuliza kwa nini alichagua kukimbia, alinijibu hivi: "Frateri, mimi sikushindwa na pombe. Nilishindwa na jioni."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi kanisani. Naona lina ukweli ambao sisi tunaohubiri juu ya ulevi tunaupita haraka. Tunamwambia mtu aache. Hatumwambii saa ile aliyokuwa akinywa aifanyie nini.

Mazoezi yanafanya nini, na hayafanyi nini

Kila aliyesoma shule ya msingi nchini kwetu anaujua mchakamchaka: mstari mmoja, wimbo mmoja, mwendo mmoja. Ndivyo tunavyokimbia. Tunaanzia Buswelu, tunashika njia ya kuelekea Igombe, tukifika mahali tulipopazoea tunageuza. Anayeongoza huanzisha wimbo, wengine huitikia. Wimbo una kazi ya pili pia. Ukishindwa kuitikia, ujue mwendo ni mkali kupita uwezo wako, na mstari mzima unapunguza. Hakuna saa ya kupima mapigo ya moyo, lakini hakuna aliyewahi kuanguka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Jioni 5 za dakika 30 zinatosha kufikia kiwango cha chini. Lakini kwa mraibu faida haiishii kwenye moyo na mapafu. Pombe, heroini na bangi ni vitu tofauti, ila vyote hugusa sehemu ya ubongo inayotupa furaha na kutufanya tutake kurudia tulichofurahia. Kemikali moja inayohusika hapo huitwa dopamini. Ubongo ukimwagiwa furaha ya bandia kila siku, huzoea na kufa ganzi. Chakula, maongezi, mtoto anayekukimbilia mlangoni, hata Misa, vyote hukosa ladha. Ndiyo maana aliyeacha hukaa wiki kadhaa, pengine miezi, akiiona dunia nzima kama chai isiyo na sukari. Mazoezi humrudishia furaha ndogo za asili kidogo kidogo, na humrudishia usingizi. Wenzangu karibu wote wanasema usingizi ndio waliouona kwanza. Mwili uliochoka kwa haki hulala.

Watafiti nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2014 wataalamu wa China walichambua majaribio 22 wakaona kwamba waliofanya mazoezi walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kudumu bila kilevi, arosto yao ilipungua makali, na wasiwasi na huzuni vilishuka. Lakini tusikimbilie kushangilia. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017, ulioangalia matatizo ya pombe pekee, ulikuta kwamba mazoezi yaliimarisha mwili na kupunguza huzuni, ila hayakuonekana kupunguza kiasi cha pombe ambacho watu walikunywa. Matokeo haya hayanivunji moyo, kwa sababu yanalingana na ninachokiona barabarani. Kukimbia peke yake hakuui kiu. Mtu anaweza kukimbia kilomita 6 na kuishia kilabuni akiwa na kiu maradufu. Kinachofanya kazi ni kwamba saa ile mbaya sasa ina wenyewe. Ina mahali pa kukutana, ina wimbo, na ina watu watakaoona kwamba haupo.

Neno moja la tahadhari kabla sijaendelea. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla na kuanza kukimbia kesho yake. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hali hiyo. Aanzie hospitalini. Kwa anayetumia heroini ipo tiba ya methadone, ambayo kwa Tanzania Bara ilianza Muhimbili mwaka 2011, na hapa Mwanza hutolewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Wale wenzetu wawili huenda huko kunywa dozi yao mbele ya mhudumu, na waliomba ushauri wake kabla ya kuanza kukimbia nasi. Nimewahi kusikia waamini wakisema hao "wamebadilisha unga kwa unga". Si kweli. Dozi hupimwa na daktari, huondoa arosto bila kumlewesha mtu, na humwachia akili ya kufanya kazi na kulea watoto. Ila dozi humalizika kunywewa asubuhi. Mchana na jioni vinabaki mikononi mwake mwenyewe.

Mbeba mizigo wa Dublin

Kanisa lina shahidi wa jambo hili. Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1856, katika familia maskini. Alianza kunywa akiwa bado mtoto, kazini kwake kwenye ghala la vileo, na hadi ujana wake mshahara wote uliishia baa. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka ahadi ya kutokunywa kwa miezi 3. Akaimaliza, akaongeza, na hakunywa tena hadi kifo chake tarehe 7 Juni 1925, alipoanguka njiani akienda Misa. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alizitambua fadhila zake za kishujaa.

Tunapomsimulia Talbot huwa tunasimulia sala zake, mifungo yake, na minyororo aliyokutwa ameivaa mwilini. Mimi hupenda kusimulia jioni zake za mwanzo. Alikuwa kibarua, na baada ya kazi wenzake walielekea baa kama kawaida. Yeye hakuwa na pa kwenda. Basi alitembea. Alizunguka mitaa ya Dublin kwa miguu, akaingia kanisani, akakaa humo mpaka saa ya hatari ipite. Kabla hajajulikana kuwa mtu wa sala, alikuwa mtu anayetembea ili asinywe. Mungu alimkuta katika matembezi hayo. Nadhani ndivyo neema inavyofanya mara nyingi: haingoji tuwe na maneno mazuri ya kusali, huanza na miguu.

Kwa nini hatuna timu

Vijana wa mtaani walipotuona wakashauri tuunde timu ya mpira, tuandae bonanza, mshindi apate mbuzi. Wazo lilipendwa. Aliyelipinga ni mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri. Alisema: "Wanangu, mimi nimecheza mpira tangu ujana. Tukishinda tulikunywa kwa furaha, tukifungwa tulikunywa kwa uchungu, tukitoka sare tulikunywa kwa sababu tumekutana."

Alisema kweli. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba michezo itawaepusha na ulevi, lakini hatuangalii michezo yetu imekaa wapi. Taifa Stars imewahi kudhaminiwa na bia ya Kilimanjaro, kisha bia ya Serengeti. Mwaka 2017 Simba na Yanga, watani wa jadi, zote zilidhaminiwa na kampuni moja ya kubeti, SportPesa. Mechi tunaitazama kwenye vibanda na baa. Kwa kijana anayetoka kwenye pombe, jioni ya mechi kubwa si kimbilio, na kubeti kwenyewe ni uraibu mwingine unaoingia kwa mlango wa michezo. Mmoja wetu alimaliza miezi 5 bila pombe akagundua kwamba hela aliyokuwa akinywea sasa anaipeleka kwenye mikeka.

Hata kipaji hakimkingi mtu. Diego Maradona alifungiwa miezi 15 mwaka 1991 baada ya vipimo kuonyesha kokeini. Tony Adams alikuwa nahodha wa Arsenal na mlevi kwa wakati mmoja. Mwaka 1990 alifungwa jela kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Mpira alikuwa nao miaka yote hiyo, na haukumponya. Alianza kupona mwaka 1996 alipokiri hadharani kwamba ni mlevi na kuanza kukaa na walevi wenzake waliokuwa wakiacha. Mwaka 2000 akaanzisha kituo cha kuwasaidia wanamichezo wenye shida kama yake. Kwa hiyo nikisema michezo husaidia, simaanishi medali wala vikombe. Namaanisha mstari wa watu wanaokwenda kwa mwendo wa aliye mnyonge kuliko wote. Katika mchakamchaka hakuna mshindi, na hakuna cha kusherehekea kwa bia.

Siku fundi alipokosekana

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea, baba wa watoto watatu, aliyefikisha wiki 9. Siku ya Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano tulipomaliza kukimbia, yule dereva wa bodaboda hakusema "tumwombee" kisha tukatawanyika. Alisema, "Twendeni kwake." Tukaenda tukiwa na jasho letu. Mkewe alitupokea kwa aibu, akatutolea viti nje. Fundi alikuwa ndani, amelala. Hakuna aliyemhubiria. Mwalimu alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, kesho saa kumi na moja." Tukaaga.

Kesho yake alikuja, kwa jinsi walivyonisimulia wenzangu, na alikuwa amekunywa. Hapo ukazuka mjadala ambao haujaisha hadi leo. Wengine walisema arudishwe. Akiruhusiwa yeye leo, kesho watakuja watano wamelewa na kikundi kitakufa. Hoja hiyo si ya kudharau. Marekani kuna kikundi kiitwacho The Phoenix, kilichoanza mwaka 2006 huko Colorado, kinachowakutanisha watu wanaotoka kwenye uraibu kwa mazoezi. Ada yake ya kujiunga ni moja tu: saa 48 bila kilevi. Wamefanya hivyo kulinda waliopo, kwa sababu harufu tu ya pombe kwa mtu wa wiki ya pili inaweza kumrudisha nyuma.

Wengine walisema saa 48 kwa fundi ni mlima. Akingoja huko nyumbani peke yake hatazifikisha. Mwishowe tulikubaliana hivi: aliyekunywa hakimbii, kwa usalama wake na kwa sababu magari hayana huruma. Lakini harudishwi nyumbani peke yake pia. Mmoja aliyekomaa katika kuacha hutoka kwenye mstari na kutembea naye, mbali kidogo na wenzao, mpaka jioni ipite. Siku ile aliyetoka kwenye mstari ni mwalimu.

Fundi ameteleza mara mbili zaidi tangu hapo. Leo ninapoandika ana miezi 4. Sitaandika kwamba amepona, maana yeye mwenyewe haandiki hivyo. Lakini nimejifunza kitu ambacho vitabu vya teolojia ya kichungaji hukisema kwa maneno marefu. Mchungaji mwema hajui kwamba kondoo mmoja hayupo mpaka amehesabu. Vikundi vyetu vingi vya sala havihesabu. Mchakamchaka unahesabu kwa sababu pengo katika mstari linaonekana.

Akina mama ambao jioni si yao

Jambo moja linanisumbua. Mama mmoja wa jumuiya yetu alinisubiri baada ya Misa, akanisalimu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Frateri, na sisi tunaokunywa ndani?" Ulevi wa wanaume uko barabarani, kila mtu anauona na kuusema. Wa wanawake umejificha jikoni, na aibu yake ni nzito mara mbili. Zaidi ya hapo, saa kumi na moja si saa yao. Ndiyo saa ya kuteka maji, kuwasha moto na kuogesha watoto. Ushauri wa "fanya mazoezi" kwa mama kama huyo ni mzigo mwingine kichwani, isipokuwa kuna mtu wa kumshikia jioni yake.

Nilizungumza na mama mmoja kiongozi wa WAWATA, mtu mzima mwenye busara. Hakuitisha semina. Alianza kutembea na mama yule alfajiri kwenda Misa, kwa njia ndefu badala ya ile ya mkato. Sasa wako wanne. Anayewaona anafikiri wanawahi viti vya mbele. Ni mazoezi, ni siri iliyotunzwa, na ni rafiki mmoja anayegonga mlango saa kumi na moja alfajiri. Lakini bado tuko mbali. Kama waume zao wasipobaki nyumbani jioni moja moja na watoto, mambo yataishia hapo.

Fundisho la zamani

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu walioishi jirani na michezo ya Isthmia, akitumia mfano wa wakimbiaji wanaojizuia katika mambo yote. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa yake, anapofundisha dawa za huzuni anataja machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na halafu, kwa mshangao wa wanafunzi wengi, usingizi na kuoga. Mwanateolojia mkubwa kuliko wote hakuona haya kusema kwamba roho iliyolemewa huweza kusaidiwa kwa kuutunza mwili. Mtu ni roho na mwili pamoja. Uraibu umemfunga kwa vyote viwili, na kumfungua kwa sala tu huku mwili tukiuacha kilabuni ni kufungua kamba upande mmoja.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba. Ilikuwa hatua njema. Viroba vilitoka madukani, lakini saa kumi na moja haikutoka kwenye siku. Sheria haiwezi kuijaza saa hiyo; hospitali haiwezi; padre peke yake hawezi. Jumuiya ndogo ndogo inaweza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama uko parokiani, au katika UWAKA au VIWAWA, nakuomba usianze na jezi wala mfadhili. Chagueni saa ile ile watu wenu wanayoshindwa. Chagueni njia moja isiyopita mbele ya kilabu. Mpeni uongozi mtu aliyekwisha kuacha, si frateri; mimi nitahamishwa, na tayari wenzangu wanajua kukimbia bila mimi. Atakayehitaji hospitali, msindikizeni hospitali. Imbeni ili mwendo usimzidi mnyonge. Na kabla ya kuanza, hesabuni. Mkiona pengo, msingoje Jumapili: nendeni mkagonge mlango, mseme saa ya kesho, mrudi.

Kristo aliyetembea na wanafunzi wawili wa Emau jioni ile ya huzuni yao, atembee na wote wanaoiogopa jioni. Amina.